Kiti kwa Bahati Nasibu: Shule za Mkataba na Watoto wa Mjini Marekani

Lynn ni mji mdogo wa pwani kaskazini mwa Boston, chini ya nusu saa kwa treni. Zamani ulivuma kwa viwanda vya viatu. Siku hizi ukitembea mitaa ya katikati utasikia Kihispania kwanza, halafu Kikhmer, na ukitega sikio vizuri utasikia pia Kiswahili cha Uvira na Bukavu, cha watu waliokaa miaka na miaka kwenye kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma kabla ya kupandishwa ndege kuja kwenye baridi hii. Mimi ni Mtanzania, naishi jirani na hapo, na kwa kuwa Kiingereza changu kimenyooka kidogo, huitwa kukalimani kwenye vikao vya wazazi. Kila majira ya baridi hulikuta swali lile lile, mara nyingi kwenye korido, mwalimu akiwa ameshaondoka.

"Papa, iyo masomo ni ya bure kweli, ao kuko feza ya kulipa nyuma?"

Ni ya bure. Masomo anayoulizia ni shule za mkataba, ambazo hapa kila mtu huziita charter. Ni shule za umma: kodi ndiyo inayozilipia, mzazi hatoi ada, na haziruhusiwi kumpima mtoto kwa mtihani wa kuingia. Kinachozitofautisha na shule za kawaida ni nani mwenye usukani. Bodi ya shule hupewa mkataba na jimbo, kwa Massachusetts ni wa miaka 5, na katika muda huo inaajiri walimu wake, inapanga saa zake na mtaala wake bila kupitia ofisi ya elimu ya mji. Ikishindwa kutimiza ilichoahidi, mkataba unaweza kufutwa. Sheria ya kwanza ya namna hii ilipitishwa Minnesota mwaka 1991, na shule ya kwanza, City Academy, ilifungua milango St. Paul mwaka 1992. Massachusetts ikafuata mwaka 1993. Cha kuchekesha ni kwamba mmoja wa waliolipigia debe wazo hili mapema kabisa, mwaka 1988, ni Albert Shanker, aliyekuwa rais wa chama kikubwa cha walimu. Leo wapinzani wakubwa wa shule hizi ni vyama vya walimu.

Maombi yakizidi nafasi, sheria inailazimu shule ichezeshe bahati nasibu. Mwenye ndugu aliyekwisha kuingia hutangulizwa. Waliobaki wote ni majina kwenye kapu, na siku hizi kapu lenyewe ni kompyuta. Kwa shule zinazotamaniwa, walioachwa nje huwa wengi kuliko walioingia. Nimewahi kumsomea mama mmoja barua iliyosema mwanawe ni wa mia na kitu kwenye orodha ya kusubiri. Akataka kujua hao waliomtangulia walipata alama gani. Hawakupata alama yoyote, mama, hakuna aliyefanya mtihani. Hakuniamini mara moja, na sikumlaumu. Kwetu kiti kwenye shule nzuri hupatikana kwa ufaulu, kwa pesa, au kwa kumjua mtu. Bahati tupu haimo katika hesabu zetu.

Lakini bahati hiyo tupu ndiyo iliyotuwezesha kujua kama shule hizi zinafundisha kweli. Kwa miaka mingi hoja ya wapinzani ilikuwa moja, na ilikuwa nzito: mzazi anayejua habari za shule ya mkataba, akatafuta fomu, akaijaza kabla ya tarehe ya mwisho, ni mzazi anayefuatilia. Mtoto wa mzazi huyo angefaulu hata kama angesomea chini ya mwembe. Ukilinganisha wastani wa alama za shule ya mkataba na wa shule ya jirani, umelinganisha wazazi, hujalinganisha shule. Sasa akina Joshua Angrist na Parag Pathak wa MIT, wakiwa na Susan Dynarski, Thomas Kane, Atila Abdulkadiroğlu na wengine, wakaona mlango. Chukua watoto walioingia bahati nasibu ile ile. Wote wana mzazi aliyejaza fomu. Wengine namba zao zimetoka, wengine hazikutoka. Wafuatilie wote kwenye mtihani wa jimbo, MCAS, mwaka baada ya mwaka. Tofauti itakayojitokeza haiwezi kusingiziwa bidii ya mama, maana akina mama wa pande zote mbili walihangaika sawasawa. Angrist alikuja kushiriki tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2021 kwa kazi yake ya mbinu za aina hii.

Moja ya shule walizozipima iko hapa hapa Lynn. KIPP ni mtandao wa shule za mkataba ulioanzishwa Houston mwaka 1994 na walimu wawili vijana, Mike Feinberg na Dave Levin, na tawi lake la Lynn lilifunguliwa mwaka 2004. Wengi wa watoto wake walikuwa wa familia maskini zinazozungumza Kihispania. Matokeo yalikuwa hivi: kila mwaka mtoto aliokaa hapo ulimpandisha kwa vipimo 0.35 vya kitakwimu katika hesabu, na 0.12 katika kusoma. Tuitafsiri kwa lugha ya darasani. Panga watoto 100 kwa mstari kuanzia wa mwisho hadi wa kwanza. Yule wa 50 katika hesabu, mwaka mmoja unatosha kumfanya awapite wenzake 13 hivi. Hiyo ni kasi kubwa sana. Miradi mingi ya elimu haifikii hata nusu yake. Na kilichonisimamisha mimi, kwa sababu ya watu ninaowakalimania, ni nani aliyefaidika zaidi: waliokuwa wakijifunza Kiingereza, wenye mahitaji maalumu, na walioingia na alama za chini kabisa.

Boston ilipopimwa kwa njia hiyo hiyo, mwelekeo ulikuwa ule ule, hesabu ikitangulia kusoma. Harlem, New York, Will Dobbie na Roland Fryer walipochunguza shule ya Promise Academy, walikuta ongezeko la hesabu katika shule ya kati (iliyo kati ya msingi na sekondari) linatosha kuziba pengo la kihistoria kati ya watoto weusi na weupe. Anayefahamu jinsi pengo hilo linavyozungumziwa nchi hii, kama vile ni hali ya hewa, atakubali kwamba sentensi hiyo si ndogo.

Ila usikimbilie kuandika fomu kabla hujasikia upande wa pili. Ndani ya Massachusetts hiyo hiyo, chini ya sheria ile ile, shule za mkataba zilizo nje ya miji, kwenye vitongoji vya watu wenye nafasi, hazikuwaongezea watoto chochote. Nyingine ziliwarudisha nyuma. Kitaifa ni mchanganyiko vilevile. Kituo cha CREDO cha Chuo Kikuu cha Stanford kilipotoa ripoti yake mwaka 2009, ni asilimia 17 tu ya shule za mkataba zilizozishinda shule za kawaida katika hesabu, na asilimia 37 zilikuwa mbaya zaidi. Kituo hicho hicho kilipoangalia maeneo 41 ya mijini mwaka 2015, picha iligeuka: faida ya siku 40 za masomo katika hesabu na 28 katika kusoma kwa mwaka. (Hizo "siku" ni ubadilishaji wa takwimu tu, hakuna aliyekaa kuzihesabu kwenye kalenda.) Mkataba, basi, ni karatasi ya utawala. Haumfundishi mtu kugawanya sehemu kwa sehemu.

Kuna waliobaki na wasiwasi: hata kama bahati nasibu ni ya haki, bado tumewapima wanaoomba tu, na wale ambao mzazi hana habari je? Hapo ndipo habari ya UP Academy inapokuwa na thamani. Mwaka 2011 shule ya kati ya Gavin, huko South Boston, ilikuwa imeshindwa, na ikakabidhiwa UP, waendeshaji wa shule za mkataba. Watoto waliokuwepo hawakuomba lolote wala hawakucheza bahati nasibu. Walikuwa na haki ya kuendelea, walimu wakabadilika, ratiba ikabadilika, nao wakajikuta ndani. Akina Angrist waliwafuatilia, na alama zao zilipanda kwa kiasi kikubwa. Walipoangalia shule zilizochukuliwa hivyo New Orleans, jambo lilijirudia. New Orleans ina donda lake, kwani baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005 wafanyakazi wa shule zaidi ya 7,000 walifukuzwa, wengi wao Wamarekani weusi waliokuwa nguzo ya tabaka la kati la mji huo. Alama za watoto zilipanda na watu wazima wa mtaa ule ule wakapoteza kazi. Sioni sababu ya kutaja moja na kuficha jingine.

Kinachofanyika ndani ya shule hizi, mtu aliyesoma Afrika Mashariki atakitambua mara moja. Siku ya KIPP Lynn, wakati ilipopimwa, ilianza saa 1:30 asubuhi hadi saa 11 jioni. Masomo yalianza Agosti, wakati wenzao bado wako likizo, na baadhi ya Jumamosi zilikuwa za shule. Sare. Mstari. Wimbo wa hesabu. Kazi ya nyumbani kila siku, na simu ya mwalimu ikipokewa usiku. Ni shule ya bweni iliyokosa vitanda tu. Nilipoingia mara ya kwanza kwenye shule ya namna hiyo, nilijisikia nimerudi kwenye prepo.

Fryer na Dobbie walichukua shule 39 za mkataba za New York, wakauliza ni nini hasa kinachoambatana na matokeo mazuri. Vitu tunavyovipenda sote kuvitaja kwenye mikutano, yaani idadi ndogo ya watoto darasani, bajeti kubwa kwa kila mtoto, vyeti vya mwalimu, havikuambatana na chochote. Vilivyoambatana ni mwalimu kutembelewa darasani mara kwa mara na kuambiwa ukweli kuhusu ufundishaji wake, alama za majaribio kutumika kupanga somo la wiki ijayo, muda mrefu wa kusoma, imani kwamba kila mtoto atafika, na tuisheni nzito ndani ya shule.

Tuisheni hiyo inastahili tukae nayo. Shule ya Match, Boston, ilikuwa ikiajiri vijana waliotoka tu chuo kikuu, kwa posho ndogo, wakilala ghorofa ya juu ya jengo la shule lenyewe, na kazi yao ilikuwa moja: kukaa na watoto wachache, wale wale, kila siku, mwaka mzima. Sisi tuisheni tunaijua. Kwetu ni mwalimu yule yule wa asubuhi, jioni anakusanya watoto 60 sebuleni na kudai elfu moja moja. Ya Match ilikuwa ya mtu mmoja na watoto wawili, ndani ya ratiba, bure, na mfundishaji alijua kwamba Jumanne mtoto alikwama kwenye namba hasi. Kikundi kilichozaliwa humo, Saga, kikapeleka mtindo huo kwenye shule za sekondari za kawaida za Chicago, shule za serikali ya mji, zenye chama cha walimu na kila kitu chake. Huko nako bahati nasibu ilichezeshwa nani apate. Waliopata walipanda sana katika hesabu, na walifeli masomo machache zaidi. Hawa walikuwa vijana ambao wengi walishahesabiwa kuwa wamechelewa.

Fryer mwenyewe alifanya jambo kama hilo Houston kuanzia mwaka 2010: akazichukua zile kanuni tano, akaziingiza kwenye shule 20 za umma zilizokuwa hoi. Hesabu ikapanda. Kusoma kukabaki karibu pale pale. Tofauti hii ya hesabu na kusoma inajirudia kila mahali, na kwa mtoto aliyeanzia Kiswahili nyumbani, akapita Kifaransa cha shule ya kambini kabla ya kukutana na Kiingereza, hainishangazi. Hesabu inajengwa darasani, ngazi kwa ngazi. Kusoma kunakula kutoka kila mahali: mazungumzo ya mezani, vitabu vya nyumbani, mambo mtoto anayoyajua kuhusu dunia. Saa mbili za ziada haziwezi kufidia hayo haraka.

Nimefika kwenye nidhamu, na hapa nitasema wazi kwamba sikubaliani na watetezi. Shule hizi zilipata jina la kutokubali visingizio. Mtoto akae wima, macho yamfuate anayezungumza, kwenye korido pasisikike neno. Mtandao wa Noble, Chicago, ulikuwa ukiwatoza wazazi dola 5 mtoto akibakizwa kwa adhabu, mpaka ulipoacha mwaka 2014. Dola 5 kwa mama anayefanya usafi hotelini! Watoto wa miaka mitano na sita wamewahi kusimamishwa masomo kwa makosa ambayo bibi yangu angeyamaliza kwa kukohoa. Watetezi walisema ukilegeza hiki, alama zitaanguka. Lakini mwangalie yule mfundishaji wa tuisheni wa Chicago na watoto wake wawili: hakuhitaji ukimya wa korido. KIPP wenyewe mwaka 2020 waliachana na kaulimbiu yao ya miaka mingi iliyowataka watoto wafanye kazi kwa bidii na wawe wapole, wakikiri kwamba ilithamini utii na haikuendana na azma yao ya kulea watoto walio huru kujijengea maisha wanayoyataka. Mimi niliyelelewa kwa fimbo za mstarini nasema hivi: muda na tuisheni ndivyo vilivyobeba mzigo, na adhabu ilipanda juu ya gari lile lile ikapata sifa.

Jambo jingine tunalijua sisi zaidi ya Wamarekani: kuchuja. Kenya na Tanzania kote kuna shule zilizotangazwa magazetini kwa wastani wa kutisha, na kila mzazi alijua kwamba watoto dhaifu walikaririshwa darasa au walisajiliwa kituo kingine ili wastani usichafuke. Success Academy ya New York, iliyoanzishwa Harlem mwaka 2006 na Eva Moskowitz, ina alama zinazozishinda hata shule za matajiri. Kundi lake la kwanza lilianza na watoto 73 wa darasa la kwanza. Mwaka 2018 waliohitimu sekondari walikuwa 16. Si wote waliosukumwa nje. Miaka 12 ni mingi, familia huhama na wengine hurudia mwaka. Lakini mtandao huo haukuwa ukijaza viti vilivyoachwa wazi baada ya darasa la nne, na mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kwamba mkuu wa shule yake moja huko Brooklyn alikuwa na orodha ya watoto anaotaka waondoke. Kwa hiyo nikiwa na mzazi mbele ya meza ya shule, swali ninalomkalimania kabla ya yote ni moja: walioanza darasa la tano hapa, wangapi wamefika la kumi na mbili, na anayeondoka nafasi yake hupewa nani? Wapo wanaojibu kwa takwimu papo hapo. Wapo wanaotuonyesha maabara mpya.

Na baada ya alama? Mwaka 2011 KIPP walifanya jambo ambalo shule chache huthubutu. Walitangaza kwamba katika wanafunzi wao wa mwanzo kabisa waliomaliza shule ya kati, asilimia 33 walikuwa wamemaliza chuo cha miaka minne. Kwa watoto maskini nchini kiwango kilikuwa kama asilimia 8, hivyo ni mara nne. Lakini wao walikuwa wamejiwekea lengo la asilimia 75. Mtoto aliyefundishwa kuongozwa kila dakika alifika chuoni akakuta hakuna anayemwongoza, na mkopo unamsubiri. Wakaongeza sekondari na washauri wanaowafuata wanafunzi hadi chuoni. Utafiti wa taasisi ya Mathematica wa mwaka 2023 ulikuta kwamba waliosoma KIPP shule ya kati na sekondari pia, uwezekano wao wa kumaliza chuo ulipanda kwa pointi 19 za asilimia. Waliosoma shule ya kati peke yake hawakupata faida kubwa ya kuonekana. Miaka minne ya kunolewa, halafu ukaachwa, haitoshi.

Mwaka 2016 Massachusetts iliulizwa kwenye kura kama iruhusu shule mpya, au upanuzi wa zilizopo, hadi 12 kwa mwaka juu ya ukomo uliopo. Asilimia 62 walikataa. Hoja iliyoshinda ni ya pesa: mtoto akihama, fungu lake humfuata, lakini shule aliyoiacha bado inalipia boila, basi na mwalimu yule yule. Hoja hiyo ni ya kweli. Ni kweli pia kwamba Boston ilikuwa imeshaongeza shule hizi chini ya sheria ya 2010, na Sarah Cohodes, Elizabeth Setren na Christopher Walters wamekuta matawi mapya yalifundisha vizuri sawa na shule mama zao, kwa hiyo kisingizio kwamba uzuri huu hauzaliani hakina miguu. Wakati ule sikuwa raia, sikupiga kura. Ningepiga ya ndiyo, kwa sababu kipaumbele kilikuwa kwa wilaya zenye matokeo ya chini kabisa, na watoto wa Lynn hawana miaka kumi ya kusubiri watu wazima wapatane. Jirani yangu, mwalimu wa shule ya umma kwa zaidi ya nusu ya umri wake, alipiga ya hapana, na bado ndiye anayewafundisha watoto wangu hesabu za mwaka wa tisa kwenye meza yake ya jikoni.

Ukomo umebaki pale pale. Yule mama wa orodha ya mia na kitu, mwanawe yuko shule ya kati ya mji, shule ya kawaida kabisa. Tulipokwenda kumwandikisha nilimwomba aulize kama kuna tuisheni ndani ya saa za masomo, na watoto wangapi kwa mfundishaji mmoja. Wakasema ipo, lakini baada ya masomo, mara mbili kwa wiki, watoto wanane kwa mmoja. Akauliza basi la kumrudisha litaondoka saa ngapi. Hakuna basi saa hizo. Sasa tunatafuta nani wa mtaa ule ana gari Jumanne na Alhamisi.